Klabu ya Bonde la Wahunzi: Tarikhi ya Sociedad Deportiva Eibar

Msafiri atokaye Bilbao kwenda San Sebastián, akiiacha bahari upande wa kushoto nyuma ya milima, hufika nusu ya safari yake akajikuta katika bonde jembamba la mto Ego, ambamo mji wa Eibar umebanwa baina ya vilima hata ukadhani kwamba walioujenga walikatazwa kujenga mahali pengine popote. Ardhi tambarare ni haba mno huko. Na kwa sababu hiyo karakana za mji, ambazo kwingineko zingetandazwa ardhini, zilipandishwa juu, ghorofa juu ya ghorofa, katikati ya nyumba za watu, hivyo kwamba mtoto wa Eibar alizaliwa, akalelewa na akabalehe akisikia nyundo na misumeno ya chuma upande wa pili wa ukuta. Watu wake leo hawazidi sana 27,000. Lau wangechukuliwa wote, wazee kwa watoto wachanga, wakaketishwa katika uwanja wa Santiago Bernabéu kule Madrid, zaidi ya nusu ya viti vingebaki vitupu. Walakini mji huu umepata kukaa misimu saba mfululizo katika daraja la juu kabisa la kandanda ya Hispania, na tarikhi ya jinsi ulivyofika huko, na ya mtihani uliowangoja mlangoni, inastahili kuelezwa kwa utuvu.

Haiwezekani kuieleza klabu bila ya kuieleza kwanza amali ya mji. Eibar ilipewa hati yake ya kuwa mji mwaka 1346, na kwa karne nyingi baada ya hapo riziki ya watu wake ilitoka katika fuawe na mvukuto: walifua silaha. Mitutu ya bunduki, bastola, na vyuma vilivyonakshiwa kwa nyuzi za dhahabu, sanaa ambayo ukoo wa Zuloaga uliifikisha upeo wake katika karne ya kumi na tisa, kabla ya mmoja wa wana wa ukoo huo, Ignacio Zuloaga, aliyezaliwa hapo Eibar mwaka 1870, kuiacha nyundo akashika brashi na kuwa mchoraji mwenye sifa Ulaya nzima. Mwaka 1912 mji ulianzisha chuo chake cha mafundi wa silaha. Na Vita Vikuu vya Kwanza vilipomalizika, maombi ya silaha yakapungua na njaa ikaanza kubisha hodi, mafundi hawa hawakukaa wakaomboleza. Mkono uliojua kutoboa mtutu wa bunduki uligundua kwamba unajua vilevile kuunganisha mirija ya baiskeli. Ndipo nyumba za biashara kama Orbea, na ile ya ndugu wa Beistegui ijulikanayo kwa herufi BH, zilizoanza kwa bunduki, zikahamia katika baiskeli. Wengine, wafuasi wa ujamaa, baada ya mgomo wa mwaka 1920 walichanga fedha zao wakaanzisha shirika la ushirika liitwalo Alfa, ambalo baadaye lilihamia katika cherehani, na cherehani zake zikaenea Hispania yote. Naomba msomaji aliweke akilini jambo hili la mafundi kuchangishana ili wamiliki wenyewe mahali pao pa kazi, maana tutakutana nalo tena, karibu karne moja baadaye, mahali ambapo hatulitarajii.

Mji wa mafundi aghalabu huwa mji wa siasa. Alfajiri ya tarehe 14 Aprili 1931, kabla ya Madrid na kabla ya Barcelona, Eibar ilikuwa ya kwanza katika Hispania yote kuipandisha bendera ya Jamhuri. Fahari hiyo iliwagharimu sana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, mstari wa mapigano ulisimama kwa miezi mingi kandokando ya mji, na mwezi wa Aprili 1937, katika siku zilezile ambazo Gernika iliteketezwa, ndege za maadui wa Jamhuri ziliumwagia mji huu mabomu, mtaa baada ya mtaa ukawa kifusi. Walionusurika walirudi kujenga upya, chini ya serikali iliyowachukia kwa ajili ya bendera ile.

Ni katika mji huo wa kifusi, mwezi wa Novemba 1940, ambapo vyama viwili vya mpira vya mahali hapo, Deportivo Gallo na Unión Deportiva Eibarresa, viliamua kuungana na kuwa kimoja. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Sociedad Deportiva Eibar. Nionavyo mimi, kuungana huko kulikuwa jambo la dharura kabla ya kuwa jambo la hiari, kwani katika mwaka ule wa uhitaji mji ulioungua haukuwa na nguvu ya kulisha timu mbili. Hata rangi zake hazikuwa za kuchagua: fulana za buluu na nyekundu iliyoiva zilitokana na zile za klabu ya Barcelona, na zikawakaa vizuri hata zikawa zao mpaka leo. Jina la utani nalo halikuhitaji kutafutwa. Wachezaji na wapenzi wao huitwa *armeros*, yaani wahunzi wa silaha, na jina hilo linaendelea kutumika katika zama ambazo karakana nyingi za silaha zimekwisha kufungwa.

Uwanja ulipatikana mwaka 1947, mwezi wa Septemba, ukaitwa Ipurua. Aliyezoea viwanja vya miji mikubwa, vinavyoonekana toka mbali kama ngome, anaweza kupita karibu na Ipurua asiutambue. Umewekwa juu ya kipande cha ardhi kilichoporwa kutoka mlimani, na kwa muda mrefu wa maisha yake uliweza kuchukua watazamaji elfu tano na ushei tu. Majengo marefu ya kukaa watu yameuzunguka kwa karibu sana, hivyo kwamba bibi aliyemo jikoni mwake ghorofa ya saba, akitaka, anaona mpira wa kona ukipigwa huku anakoroga mchuzi. Timu za wageni ziliuogopa. Mvua ya nchi ya Wabaski, ulimo mji huu, hainyeshi ikaisha, hukaa siku kadha wa kadha. Kiwanja huwa kizito. Kelele za majukwaani, kwa kuwa majukwaa yenyewe yako hatua chache tu toka mstarini, humwingia mgeni masikioni moja kwa moja.

Miongo iliyofuata ilikuwa ya subira, nami sitakawia nayo. Klabu ilipanda daraja la pili mwaka 1953, ikakaa hapo misimu mitano, ikashuka, na kwa miaka thelathini ikazungukazunguka katika madaraja ya chini dhidi ya timu za vijiji vya jirani. Lakini mwaka 1988 ilirudi daraja la pili, na safari hii ilikataa kuondoka: misimu kumi na minane mfululizo, hadi 2006. Ajabu ya kipindi hicho ni kwamba mji wenyewe ulikuwa ukipungua. Msukosuko wa viwanda ulioikumba nchi ya Wabaski katika miaka ya sabini na themanini ulifunga karakana moja baada ya nyingine, vijana wakahama, na mji uliopata kuwa na watu zaidi ya 35,000 ukapoteza takriban robo yao. Mji ulikonda na klabu ikanawiri.

Iliwezaje? Jawabu halina muujiza ndani yake. Eibar ilikuwa haitumii fedha ambazo haina. Katika zama ambazo vilabu vya Hispania, vikubwa kwa vidogo, vilikopa kana kwamba siku ya kulipa haitafika, uongozi wa Ipurua uliyaendesha mambo kama fundi anayeendesha karakana yake: kilichoingia kilihesabiwa, na kilichotoka hakikukizidi. Deni pekee ambalo klabu hii haikuona haya kulichukua ni deni la watu. Vilabu vikubwa vilikuwa na vijana wasio na nafasi ya kucheza; Eibar ilikuwa na nafasi na haikuwa na fedha; basi vijana walikuja kwa mkopo. Mwaka 2000 alikuja toka Real Sociedad kiungo wa miaka kumi na minane aitwaye Xabi Alonso, akakaa nusu msimu akajifunza kucheza na watu wazima wasiomstahi. Mwaka 2004 alikuja toka Valencia kijana mwingine wa hirimu hiyohiyo, mdogo wa umbo, David Silva. Na timu ile ya msimu wa 2004 hadi 2005, chini ya mwalimu José Luis Mendilibar, mzaliwa wa Zaldibar, kijiji kilicho jirani kabisa na Eibar, ilimaliza nafasi ya nne, hatua moja tu nyuma ya waliopanda daraja la kwanza. Mwaka 2010 Alonso na Silva wote wawili walikuwamo katika kikosi cha Hispania kilicholitwaa Kombe la Dunia kule Afrika Kusini. Katika timu ile ya Mendilibar alikuwamo pia kiungo mwingine ambaye dunia haikumjua, Gaizka Garitano. Huyu ndiye atakayeturudia.

Baada ya kukaribia vile, klabu ilianguka. Ilishuka mwaka 2006, ikapanda mwaka uliofuata, ikashuka tena 2009, na safari hii ilisota miaka minne katika daraja la tatu. Garitano, sasa akiwa mwalimu, alikabidhiwa timu mwaka 2012. Majira ya baridi ya mwaka huo, katika Kombe la Mfalme, vijana wake wa daraja la tatu waliitoa Athletic ya Bilbao, jamaa mkubwa wa kanda nzima: suluhu bila bao Ipurua, kisha bao moja kwa moja Bilbao penyewe, na bao la ugenini likawapitisha. Msimu ulipokwisha walipanda daraja la pili. Wote waliwatabiria mwaka wa mashaka, maana bajeti yao ilikuwa miongoni mwa zilizo ndogo kabisa katika daraja hilo. Mwezi wa Mei 2014 waliishinda Alavés bao moja kwa bila Ipurua, na jioni hiyo mji ukajua kwamba, kwa mara ya kwanza toka klabu izaliwe, wamepanda daraja la kwanza. Hawakupanda kwa kujipenyeza. Walipanda wakiwa mabingwa wa daraja, mbele ya Deportivo ya La Coruña, klabu iliyopata kuwa bingwa wa Hispania mwaka 2000, na ambayo katika siku hizo ilikuwa imebeba madeni ya zaidi ya euro milioni 100.

Hapa ndipo ulipokuja mtihani. Serikali ya Hispania, ikiwa imechoshwa na madeni ya vilabu, ilipitisha mwaka 1990 sheria ya kuvigeuza vilabu vya kulipwa kuwa kampuni za hisa, na baadaye, kwa amri ya kifalme nambari 1251 ya mwaka 1999, ikaweka sharti kwamba rasilimali ya kila klabu isipungue robo ya wastani wa matumizi ya vilabu vya daraja lake. Nia ilikuwa njema: kuwazuia wakopaji. Lakini tazama jinsi sharti hilo lilivyofanya kazi. Kipimo chake hakikuwa deni la klabu yenyewe bali ukubwa wa matumizi ya wenzake. Na Eibar, ambayo haikuwa na deni hata la senti moja, iligundulika kuwa na rasilimali ndogo mno, kwa sababu wengine walitumia mno. Ilitakiwa kuongeza rasilimali yake kwa euro 1,724,272, ili ifike zaidi kidogo ya milioni mbili, kabla ya mwezi wa Agosti 2014. Isipofanya hivyo, si kwamba ingezuiwa kupanda tu: ingeshushwa hadi daraja la tatu, ikarudi pale pale ilipokuwa imetoka kwa jasho mwaka mmoja nyuma. Deportivo, pamoja na milioni zake mia za madeni, haikukutana na kizuizi hicho.

Nasema bila ya kusitasita kwamba ilikuwa dhuluma, japo haikukusudiwa na mtu yeyote. Na dhuluma isiyo na mwenyewe ni ngumu zaidi kuikabili, kwa kuwa hakuna wa kumshitaki. Klabu ingeweza kuchagua njia nyepesi. Matajiri wanunuao vilabu walikuwapo, na kiasi kile, kwa mmoja wao, si kitu. Lakini rais wa klabu, Alex Aranzabal, na wenzake walitangaza kwamba hisa zitauzwa kwa umma, na wakaweka mpaka: hakuna mtu, awe nani, atakayeruhusiwa kununua zaidi ya euro laki moja. Maana yake ni kwamba walikuwa wakitafuta fedha kwa haraka ya kufa na kupona, na papo hapo wakiwafungia mlango wale ambao wangeweza kuitoa yote kwa siku moja. Walijua kwamba klabu iliyookolewa na mtu mmoja ni mali ya mtu huyo.

Wakaitangaza kampeni kwa jina la kuilinda Eibar. Alonso na Silva, ambao sasa dunia iliwajua, waliinua sauti kwa ajili ya klabu iliyowalea. Mafundi wastaafu, wenye maduka, wanawake wa sokoni, na watoto walionunuliwa hisa na babu zao walijipanga. Kisha habari ikavuka milima, na hisa zikanunuliwa na watu wa zaidi ya nchi arobaini, wengi wao wasiopata kuuona mto Ego wala kuikanyaga Ipurua. Kabla muda haujaisha kiasi kilitimia. Wenye hisa walikuwa zaidi ya elfu nane. Na ikiwa msomaji anakumbuka wale mafundi wa Alfa, waliochangishana mwaka 1920 ili wasiwe watumwa wa mwenye kiwanda, ataelewa kwa nini wazee wa Eibar hawakuona ajabu katika jambo ambalo magazeti ya Ulaya yaliliona kuwa kioja.

Tarehe 24 Agosti 2014 Eibar ilicheza mchezo wake wa kwanza katika daraja la kwanza, Ipurua, dhidi ya Real Sociedad, klabu ya mji mkuu wa jimbo lake. Javi Lara alipiga mpira wa adhabu ukaingia wavuni moja kwa moja, na bao hilo moja likatosha. Nusu ya kwanza ya msimu iliwapa pointi 27. Nusu ya pili iliwapa nane tu. Walilingana kwa pointi na Granada na Deportivo, wote wakiwa na 35, na kwa hesabu ya michezo baina yao wakaangukia nafasi ya kumi na nane, yaani nafasi ya kushuka. Lakini siku chache baadaye ikatangazwa kwamba Elche, iliyomaliza ya kumi na tatu, imeshushwa daraja kwa amri, kwa sababu ya madeni yake. Eibar ikabaki. Klabu ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa karibu kuangamizwa kwa kutokuwa na ukubwa wa wakopaji iliokolewa na deni la mwingine. Garitano hakukubali kunufaika na hilo. Aliona kwamba yeye, uwanjani, ameshusha timu, akajiuzulu. Watu wa namna hiyo si wengi katika mchezo huu, na ndiyo sababu jina lake hutajwa Eibar kwa taadhima zaidi kuliko majina ya waliofunga mabao.

Nafasi yake ilirithiwa na Mendilibar, aliyerudi nyumbani. Miaka yake sita ndiyo miaka ya neema. Alifundisha mpira wa kwenda mbele, wa kumsonga adui katika nusu yake mwenyewe asipate kupumua, na kwa mpira huo timu ikamaliza ya kumi mwaka 2017 na ya tisa mwaka 2018. Alimleta hadi bondeni Mjapani Takashi Inui, aliyefunga mabao mawili Camp Nou katika mchezo mmoja, ingawa Barcelona ilishinda mchezo huo. Na tarehe 24 Novemba 2018 Real Madrid, bingwa wa Ulaya mara tatu mfululizo, ilikuja Ipurua ikaondoka imefungwa mabao matatu kwa bila. Escalante, Enrich, Kike García: majina hayo matatu kila mtoto wa Eibar anayajua kwa mpangilio. Tangu 2016 kiti cha rais kilikuwa kimekaliwa na mwanamke, Amaia Gorostiza, na mwaka 2020 timu ya wanawake ya klabu nayo ilipanda daraja la juu, hivyo kwamba kwa msimu mmoja mji ule wa watu 27,000 ulikuwa na timu mbili katika ligi kuu mbili za nchi.

Msimu huohuo ndio ulioleta mwisho wa neema. Ulikuwa msimu wa maradhi ya korona, milango ya viwanja imefungwa, na Ipurua bila kelele zake haikuwa tena ngome. Timu ya wanaume ilimaliza ya mwisho, ikashuka mwezi wa Mei 2021. Mendilibar aliondoka, baadaye alilitwaa Kombe la Europa na Sevilla mwaka 2023, na mwaka uliofuata kombe jingine la Ulaya na Olympiacos ya Ugiriki, na Eibar ilishangilia kana kwamba ni lake. Mwaka 2022 timu ilihitaji kuishinda Alcorcón, ambayo tayari ilikuwa imekwisha kushuka, ili irudi daraja la kwanza. Ilifungwa bao moja dakika za mwisho kabisa. Ikajaribu tena katika mchujo mwaka huo, na 2023, na 2024, ikatolewa na Girona, na Alavés, na Oviedo.

Katika msimu ule wa milango kufungwa, hata hivyo, Eibar ilikuwa na kitu ambacho Bernabéu na Camp Nou hazikuwa nacho. Hakuna amri iliyoweza kuwafungia wakazi wa ghorofa zile madirisha yao. Jioni za mchezo taa za Ipurua zilipowashwa, uwanja ukiwa mtupu na majukwaa yakiwa kimya, walikuwako juu, kwenye vibaraza, wamevaa makoti na skafu za buluu na nyekundu, wakitazama chini timu yao.